Kichwa Chekundu cha Gia

Alhamisi, 7 Machi
Mwanangu kaniachia gari uani, kasafiri kikazi. Viti vyote vimevishwa vitambaa vipya! Zawadi ya mama mkwe wake. Mama mkwe hivi, mama mkwe vile. Mimi niliyembeba mgongoni nimetabasamu mpaka mashavu yameuma. Jumapili anatupeleka sote wawili, mimi na huyo mama mkwe, kumwona mjukuu wetu bwenini. Nani atakaa mbele? Hajasema. Nikachungulia ndani. Kichwa cha gia, kile anachoshika dereva akibadilisha gia, kimechubuka, aibu tupu. Na hakuna aliyefikiria kukibadilisha!

Ijumaa, 8 Machi
Duka la spea. Nimechagua chekundu, namba nyeupe, kinameremeta. Muuzaji akauliza ni cha gari gani. La mwanangu, nikamwambia. Akauliza tena. Jeupe, nikamwambia, nifungie. Watu kwa maswali!

Jumamosi, 9 Machi
Nimekizungusha kile cha zamani. Kigumu. Nikakimwagia maji ya moto. Nikakivamia kwa plaizi. Kikachomoka ghafla, nikalalia honi. Mtaa mzima ukatoka nje! Nimesema najaribu honi.
Kipya kinacheza kama jino la mtoto. Nikajaza gundi kali. Sasa namba zitazame wapi? Nikakaa kiti cha mbele cha abiria, kiti changu, nikazigeuza zinitazame mimi. Nitakuwa namsomea gia njiani. Mama mkwe aweza hayo?

Jumapili, 10 Machi
Mwanangu kakitazama kichwa muda mrefu. Kauliza mbona namba zimelala ubavu. Nikamweleza. Kacheka mpaka kafuta machozi, kanikumbatia, kasema basi kaa mbele, mama, wewe ndiye msomaji. Mbele! Mama mkwe kaingia nyuma. Moyo wangu, sukari.
Kwenye mlima wa kwanza kichwa kikabaki mkononi mwa mwanangu. Kasema shika hiki, mama. Nimekipakata safari nzima. Jua usoni, gundi kwenye gauni. Nyuma, bibi yule kajinyoosha kiti kizima, koti la mwanangu kalifanya mto, anakoroma. Nikakohoa kwa nguvu. Mwanangu kaninong'oneza nisipige kelele, mama kachoka.
Mama! Kamwita mama, hivihivi, bila mkwe!
Kumbe utamu uko kiti cha nyuma. Safari ijayo nakaa huko, liwalo na liwe. Na nimeona kishikio cha mlango wa nyuma kimelegea. Kesho asubuhi nakwenda kununua kingine. Cha bluu.