Goti Langu na Mgongo wa Shemeji

Jumatatu, 3 Juni

Shemeji karudi kutoka kwenye ile chemchemi inayoponya. Mgongo umenyooka kama rula! Kasimama mbele ya karakana yake, inayotazamana na yangu, akainama mara tatu, mtaa mzima ukitazama. Mke wangu kapiga makofi. Sawa, ni kaka yake. Lakini goti langu linauma mwaka wa tisa huu, halijapigiwa hata kofi moja.

Tena wakati gani! Mwalimu mkuu anatafuta seremala mwenye viungo vizima wa kutengeneza madawati sitini. Anakuja kuchagua Alhamisi. Mimi niliyeanza na msumeno wa kuazima!

Jumatano, 5 Juni

Chemchemini. Mama anayeitunza kasema nikae majini robo saa, basi, nirudi kesho, hivyo hivyo siku tano. Nikauliza shemeji alifanyaje. Hivyo hivyo. Nikapiga hesabu: dakika sabini na tano. Siku tano ninazitoa wapi? Nimekaa dakika tisini mfululizo, kumi na tano za kumpita. Baridi! Mama akanisihi: baba, toka, midomo imebadilika rangi. Nikamwambia asinichanganye na watu wa robo saa.

Wamenitoa watu wanne. Goti halikunjiki.

Alhamisi, 6 Juni

Basi limenishusha njia panda. Mke wangu kanitumia usafiri: mkokoteni. Msukumaji? Shemeji! Kilo themanini na sita, kilima chote, naye anapiga mluzi. Ananiambia shika vizuri, shem, usinidondokee.

Juu tumemkuta mwalimu mkuu. Akamtazama shemeji. Akanitazama mimi, mzigo. Akasema hana haja ya kutafuta zaidi.

Yote sitini!

Jumapili, 9 Juni

Shemeji kaja kunijulia hali. Anataka nichukue madawati thelathini, nipige randa nikiwa nimekaa. Mke wangu kasema jibu ni ahsante. Nimesema nitafikiria. Nani kaomba huruma?

Halafu ana kikohozi. Eti jasho la mkokoteni lilipigwa na upepo. Mtaa mzima pole, pole! Mama mkwe kamletea asali. Kapita nayo mlangoni kwangu, hakusimama. Na chemchemini wamemwita: kikohozi nacho hupona kule.

Nimehesabu tangu asubuhi. Yeye kakohoa mara kumi na mbili. Mimi nimefika arobaini na moja, na dirisha nimelifungua wasikie.