Moyo Wangu na Kicheko cha Kabula

Jamani wenzangu wa meza ya minofu kiwandani, leo sina uso. Nawaandikia mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu, maana pale kliniki walikuwepo wanawake wa Buzuruga, na midomo yao mnaijua. Mmoja asome, wengine mwendelee kukata samaki. Na msicheke mkiwa na visu mkononi.

Mnajua niko likizo ya uzazi, tumbo mwezi wa nane. Tangu mwezi uliopita moyo unanidunda mpaka kanga inatikisika. Shangazi yangu alifia uzazini, wakasema ni moyo. Basi nikaanza kujihesabu. Nashika kifundo cha mkono, natazama mshale mwembamba wa saa ya ukutani, nahesabu. Asubuhi themanini. Mchana themanini na mbili. Jioni, mume wangu Deus akirudi kutoka kwenye mitumba yake, mia na kumi! Nikasema basi tena, mtoto huyu atalelewa na mwingine.

Na huyo mwingine nilikuwa nimeshamwona. (Aibu inaanzia hapa.)

Mdogo wangu Kabula alivuka na kivuko cha Kamanga wiki tano zilizopita. Mama alimtuma aje anisaidie kazi. Anapanda mlima wetu na ndoo kichwani, juu ya mawe, wala hahemi. Mimi kuinuka kitandani tu namwita Yesu na mama yake. Yeye kiuno kipo, changu sijui kimehamia wapi. Na anavyocheka! Nyumba ya tatu wanamsikia.

Deus akiingia tu mlangoni: "Mke wangu mdogo, leo umetupikia nini?"

"Samaki sato, mume wangu. Kichwa nimekutunzia wewe."

Kichwa cha sato! Kichwa ni changu tangu siku tuliyooana! Najua ni utani wa shemeji, nimeukuta na nitauacha. Mimi mwenyewe kaka yake Deus namwita mume wa akiba. (Hiyo ni tofauti.) Lakini nilikuwa nawatazama nikisema kimoyomoyo, nikifa, hata arobaini yangu haijafika huyu atakuwa ameshahamia chumbani na ndoo yake. Nililia kwa wivu, jamani. Namwonea wivu mtoto niliyembeba mgongoni!

Leo asubuhi nikamwambia Deus, "Unanipeleka kliniki, au unasubiri nife?" Wanaume kliniki hawaonekani, lakini alikuja, akasimama nje dirishani kwa haya zake. Kabula naye akaja, ati kunibebea kikapu. (Nani alimwalika?)

Chumba cha kupimia kimetengwa kwa pazia tu. Upande wa pili kuna benchi, wamejaa wajawazito na mama zao.

"Shikamoo sista."

"Marahaba. Una nini?"

"Moyo, sista. Nakufa hivi unavyoniona."

Akanifunua macho, akapima presha, akasikiliza kifua, akasikiliza na mtoto. "Presha nzuri. Damu ipo. Mtoto hana neno." Akanishika mkono, akahesabu. "Themanini na nne. Moyo wako unasukuma damu ya watu wawili, mama. Ukienda mbio kidogo si ajabu."

"Sista, ungeuona jioni! Unafika mia na kumi!"

"Jioni kuna nini?"

"Hakuna kitu."

Papo hapo dirishani nikasikia: "Mke wangu mdogo, hebu nigawie karanga." Na kicheko kile, mama yangu! Sista alikuwa hajaniachia mkono. Akakunja uso.

"Ngoja kwanza." Akahesabu upya. "Mia na nane. Anayecheka ni nani?"

"Mdogo wangu."

"Na huyo mwanaume?"

"Mume wangu."

Akanitazama. Akalitazama dirisha. Halafu akapaza sauti, "Wewe baba hapo nje! Nyamaza kidogo." Akahesabu tena. "Tisini. Haya baba, mtanie tena huyo binti."

"Nimtanie?"

"Mtanie! Tunapima!"

Maskini Deus akakohoa. "Ee... mke wangu mdogo... kanga hiyo imekupendeza."

"Mia na kumi na mbili!" Sista alitangaza kama vile mimi sipo.

Benchi zima likaangua kicheko. Bibi mmoja akasema kwa sauti, "Binti, dawa ya huo moyo hapa hawana!" Nilitamani sakafu ipasuke initie ndani na tumbo langu.

"Moyo wako mzima," sista akasema huku akijifuta machozi. "Ukibanwa pumzi au ukizirai, njoo mbio, usisubiri. Lakini huu wa leo, mwanangu, ni wivu."

Pazia likafunguliwa, Kabula akaingia. Hakuwa anacheka tena.

"Dada, yaani umeniozesha kwa mumeo ungali hai? Mimi nimeacha cherehani yangu nyumbani nije nikubebee maji!"

Nikamwomba msamaha palepale, nikilia kwa sauti, benchi lote likisikiliza. Aibu ilinijaa mpaka masikioni. Lakini pamoja na aibu yote, nilipumua kweli kwa mara ya kwanza tangu mwezi uliopita. Sifi. Mtoto wangu nitamlea mwenyewe.

Sasa ni jioni. Deus amerudi.

"Habari za jioni, shemeji."

"Nzuri, shemeji."

Basi. Hakuna mke mdogo, hakuna mume wangu. Kila mtu anatazama sahani yake, na kichwa cha sato nimepewa mimi. Heshima tupu nyumba nzima.

Nimejihesabu sasa hivi. Mia na kumi na tano! Hawa watu wamenyamaza hivi, wananificha nini?