Njoo Uchukue Lokapu Yako

Kwa Bwana Mkuu wa Gereza,

Shikamoo sikupi, kwani kwa umri mimi ni mama yako, naisubiri yako. Shule niliipita kwa nje, kwa hiyo anayeandika ni mke wa mwanangu. Matusi ameyapunguza.

Mume wangu ni yule askari wenu aliyewatumikia miaka thelathini. Alipostaafu mlichukua kofia, neno lenu mkalisahau kinywani mwake: lokapu. Kila saa kumi jioni, jua linawaka, analitamka. Tunaingia ndani, tunachuchumaa, tunahesabiwa, kufuli kap! mpaka asubuhi. Nalalamika hivi:

1. Nilimuuliza neno hili asili yake wapi. Akasema, "Kazini." Mwalimu jirani ndiye aliyenieleza: lilikuja na wageni pamoja na makufuli yao, maana yake kufungiwa. Basi kama lilikuja, njia ya kurudi linaijua.

2. Hata kuku wanahesabiwa, na hawajui kuchuchumaa kwa mstari. Tunarudia hesabu mpaka magoti yangu yanalia kama bawaba.

3. Jumatatu alikuja fundi bomba. Saa kumi ikamkuta chini ya sinki, akahesabiwa. Tangu hapo hatoki. Nikimtetea, mzee ananiambia, "Hesabu itapungua, mama!" Mke wa fundi huja kumtazama na bakuli la wali, mzee analipekua kwa kijiko. Fundi mwenyewe amenenepa.

4. Binti yangu wa mwisho yu karibu kujifungua, na nimeapa mikono ya kwanza kumpakata mtoto ni hii yangu. Nimeomba ruhusa. Mzee kasema maombi yapitie kwa nyapara, msimamizi wa wafungwa wenzake. Nyapara ni mimi! Nimejikubalia mara tatu, sasa anadai muhuri hakuna.

Kwa hiyo lete muhuri, au uje na gunia ulibebe neno lenu. Ukishindwa, mbebe mzee, ila jioni umrudishe. Hapati usingizi nisipomfunika mgongo.

Msalimie mkeo, watoto, na wafungwa wote. Waambie sasa nawaelewa.

Ni mimi mama yako,
Nyapara

Nyongeza: Kabla hatujaituma barua hii, mzee alichonga muhuri wa kiazi, akanigongea mkononi, akanisindikiza mwenyewe hadi kwa binti, kisha akarudi kuwahi hesabu ya nyumbani. Mtoto ni msichana, na wa kwanza kumpakata ni mimi. Lakini ilipofika saa kumi nilijikuta nimechuchumaa, na hakuna aliyenihesabu. Nikajiona kama nimepotea. Basi nikasimama mlangoni, nikahesabu mimi: binti, kichanga, mkunga, na huyu mwandishi wangu. Wametimia. Mkunga anagonga anataka kwenda kwake, lakini wewe unajua tena, hesabu itapungua. Neno liache. Lete kufuli.