Karani na Barua za Bi Mwanatumu

Jumatatu, 1 Novemba 1954

Leo sanduku la maswali limewekwa mlangoni mwa Duka la Ushirika, hapa Msambweni. Kusema kweli ni debe la biskuti. Nimelitoboa mwenyewe kwa patasi, nikalipaka rangi ya kijani. Mkono wangu wa kushoto nao ni wa kijani. Mwanachama mwenye swali au lalamiko ataandika, atatumbukiza. Na mimi, Omari Boga, karani wa duka, nitazisoma barua hizo mbele ya kamati kila Alhamisi.

Jambo kubwa zaidi: kamati itachagua meneja mwezi huu huu. Meneja atapewa baiskeli. Mpya. Ina kengele! Tunaoshindana ni wawili tu. Mimi, na Rai, mtunza ghala, Mduruma wa Kinango, mtu asiyecheka, anayefagia hata pale palipokwisha kufagiwa.

Nimepanga rafu upya ili kamati ione. Makopo ya dawa ya kunguni nimeyasimamisha kama mnara, juu ya gunia la unga wa ngano lililo wazi. Yanapendeza. Rai akasema dawa haiwekwi juu ya chakula, tena kopo moja kifuniko chake kimelegea. Nikamwambia yeye ashughulike na ghala, uzuri aniachie mimi.

Jioni mwenyekiti, Mzee Chirau, aliniuliza kama nasoma herufi za Kiarabu, maana akina mama wengi hapa huandika Kiswahili kwa herufi hizo walizojifunza chuo cha Kurani. Nikamjibu kwamba chuo nilikimaliza zamani, alhamdulillahi. Ukweli ni kwamba nilifika herufi ya tano, jimu, nikatoroka. Lakini nani atauliza?

Jumatano, 3 Novemba

Barua saba! Moja ni ya herufi za Kizungu: Shutu mshonaji anauliza kwa nini kopo la kuchotea mafuta ya taa ndilo hilo hilo la kuchotea mafuta ya nazi. Uchokozi mtupu. Nimeichana.

Sita ni za Kiarabu. Nimezigeuza huku na huku. Alifu naijua, imesimama wima kama kijiti. Nimehesabu alifu kumi na tisa. Zaidi ya hapo, giza.

Ya sita aliitumbukiza Bi Mwanatumu mwenyewe, asubuhi, nikimwona. Huyu ni mjane wa nyuma ya msikiti, mwanamke mpole, ana binti mmoja mdogo. Saa nane akarudi. Akaniuliza kama nimeisoma barua yake. Nikasema nimeisoma vizuri sana. Akauliza: na bado mnauza? Nikasema tunauza kwa nguvu zetu zote. Akashika kifua. Akaniuliza mara ya pili kama kweli nimeisoma. Nikamwambia nimeisoma mara mbili, imenifurahisha.

Akaondoka bila kuaga. Watu wengine hawajui hata kupokea shukrani.

Alhamisi, 4 Novemba

Kamati! Nimesoma kwa sauti ya kughani, na mwili nikautikisa kidogo, kama maalimu. Ya kwanza nikasema inasifu usafi wa duka. Ya pili inaomba sukari zaidi. Ya tatu inasema karani ana adabu. Hapo Rai akakohoa. Ya nne na ya tano sikumbuki tena nilisema nini, lakini Mzee Chirau alitoa machozi.

Ya sita, ya Bi Mwanatumu, niliipamba. Mwanamke alishauliza habari ya kuuza, bila shaka anapenda kitu fulani. Macho yangu yakaangukia gunia la unga. Nikasoma: tangu nizaliwe sijaona unga wa ngano kama huu, binti yangu alikula andazi moja akaomba kumi.

Kamati ikafurahi mno. Mzee Chirau akasema basi unga huo usiuzwe tena. Gunia zima ni sadaka ya ushirika kwa Maulidi ya mtaa wetu, Ijumaa ya tarehe kumi na mbili, akina mama wakandie mahamri. Watoto wa vyuo vitatu watakuja!

Rai akaomba aione barua. Nikaikunja haraka, nikaitia mfukoni. Yeye hajui herufi zile kama nisivyozijua mimi, lakini alinitazama kwa muda mrefu. Sipendi macho yale.

Jumamosi, 6 Novemba

Siku mbaya. Bi Mwanatumu amekuja na barua ya pili. Herufi kubwa, wino mwingi. Hakuitia kwenye debe. Aliiweka mbele ya pua yangu, na Mzee Chirau yumo dukani anachagua kiberiti! Mzee akasema: haya, Omari, msomee mama barua yake, ajue tunawasikiliza.

Jasho. Nikasema miwani yangu imevunjika. Mzee akasema hajapata kuniona na miwani. Nikasema ndiyo maana ilivunjika, nilikuwa naificha.  Bi Mwanatumu aliangalia barua, akaniangalia mimi. Nadhani alielewa jambo.

Sasa ni lazima nivae miwani. Nimeazima ya Shutu mshonaji. Kila kitu kinaonekana kimevimba. Nimegonga pipa la mafuta ya taa mara mbili, na mteja mmoja nimemwita bwana kumbe ni Bi Mangi.

Jumanne, 9 Novemba

Sikuweza kungoja Alhamisi ifike na barua zile zote mfukoni. Nimeomba ruhusa, nikaenda kwa miguu hadi Munje kwa shangazi yangu, Mwanarusi, anayesomesha wasichana Kurani. Hasemi uongo na hapendi wanaosema.

Nikampa shikamoo. Akaitika, akanilisha muhogo, akaniacha ningoje mpaka wasichana wake waondoke. Ndipo akazisoma barua moja moja, taratibu, kama mtu anayekula kitu kitamu. Ya kwanza: karani huimba akipima mchele, na mate humruka. Ya pili: karani hajibu swali ila kwa hadithi. Ya tatu: je, karani ana mke, na kama anaye, anamvumilia vipi? Ya nne na ya tano sitaziandika hapa.

Akafungua ya Bi Mwanatumu. Sauti yake ikabadilika.

“Unga wa ngano nilionunua Jumatatu unanuka dawa ya kunguni,” akasoma. “Binti yangu alikula maandazi mawili, akatapika mchana kutwa hadi akalegea mikononi mwangu. Leo amefungua macho, nashukuru Mungu. Nawaomba msiuuze tena. Mwambieni kila aliyenunua.”

Nikarudisha muhogo sahanini. Shangazi akachukua ya pili. “Ewe karani. Kama umesoma na bado unauza, wewe ni mtu mbaya. Kama hukuweza kusoma, niambie. Nitakusomea mimi, wala sitamwambia mtu.”

Shangazi akaweka barua chini. Akaniuliza gunia liko wapi sasa.

Nimerudi mbio. Miwani ya Shutu imeanguka njiani, sijui wapi.

Jumatano, 10 Novemba

Nilikuwa na mpango: nilifiche gunia kabla ya duka kufunguliwa, niseme limeibwa. Gunia halipo! Rai amekwisha kulipeleka jana kwa Bi Mwanasiti, mkuu wa wapishi wa Maulidi. Amelibeba begani mwenyewe. Siku zote yeye hufanya kazi kabla ya wakati. Tabia mbaya!

Nimekwenda kwa Bi Mwanasiti. Nikamwambia unga una wadudu. Akachekecha vibaba vitatu mbele yangu, asione hata mmoja. Akasema unga ni mweupe ajabu. Nikakumbuka kwamba dawa ya kunguni nayo ni ya unga mweupe. Nikamwuliza kama haunuki. Akasema ana mafua tangu Jumapili.

Nikamwambia mahamri yamepitwa na wakati, watu wa Mombasa sasa wanasoma Maulidi kwa mihogo. Akacheka mpaka akakaa.

Alipoingia ndani nikachukua ndoo ya maji, nikamwaga yote guniani. Nikajisikia mwepesi. Kisha nikaliangalia vizuri. Mchele! Mchele wa pilau, gunia la kando! Bi Mwanasiti akatoka na mwiko. Nina nundu kichwani na nyingine mgongoni.

Ningeweza kumwambia neno moja tu. Nalijua neno lenyewe. Lakini baiskeli ina kengele, na meneja anachaguliwa Jumapili.

Alhamisi, 11 Novemba

Naandika usiku huu huu, kabla sijaipamba habari.

Leo kamati haikukaa kwa sababu ya Maulidi; akina mama walianza kukanda baada ya adhuhuri. Nilikaa dukani, nikajiambia dawa kidogo katika unga mwingi haina nguvu. Nikapima chumvi badala ya sukari. Rai akaniuliza naumwa nini. Nikamwambia siumwi. Akasema uso wangu umekuwa wa kijani kama debe langu.

Alasiri sikuweza kuvumilia tena. Nikaacha mteja na mizani, nikakimbia.

Uani kwa Bi Mwanasiti palikuwa na akina mama kama ishirini. Mabeseni sita ya unga uliokandwa, yamefunikwa kanga. Karai la kwanza tayari liko motoni, na watoto wamejipanga wakingoja. Katikati amesimama Bi Mwanatumu, kambeba binti yake mgongoni, analia. Alikuwa amekuja kuwazuia. Nao walikuwa wakimcheka. Wanamwambia: wewe ndiwe uliyeusifu unga huu, karani alisoma barua yako mbele ya kamati nzima! Mmoja akasema ujane umemharibia akili.

Akaniona. Wote wakaniona. Bi Mwanasiti akasema, “Haya, mwenyewe huyu. Omari, baba, tuambie. Bi Mwanatumu aliandika nini?”

Nilifungua kinywa. Na namwogopa Mungu, lazima niandike ukweli: uongo ulikuwa tayari mdomoni. Nilitaka kusema barua zilikuwa mbili, zikachanganyika, mambo ya kamati, itabidi tungoje. Lakini karai likachemka, na Bi Mwanasiti akachukua donge la kwanza. Na yule mtoto mgongoni alikuwa akinitazama. Shingo yake nyembamba kama kijiti.

“Msiupike!” nikapiga kelele. “Una dawa ya kunguni. Alisema hivyo, Jumatano ya wiki iliyopita.”

“Na wewe ulisoma nini?” akauliza Bi Mwanasiti.

“Sikusoma. Sijui kusoma herufi zile. Niliishia jimu.”

  Bi Mwanasiti akaliweka lile donge chini, akanawa mikono hadi viwikoni, akanawa tena. Kisha akamwendea Bi Mwanatumu, akamwomba radhi mbele ya wote. Mwingine akaomba, na mwingine.

Bi Mwanatumu akaja mbele yangu. Nilidhani atanipiga, nikainamisha kichwa upande usio na nundu.

“Nilikuambia nitakusomea,” akasema. “Ungesema tu, kaka yangu.”

Afadhali angenipiga.

Jumapili, 14 Novemba

Unga umezikwa katika shimo refu, na mimi ndiye niliyechimba. Rai alizunguka nyumba zote zilizonunua tangu Jumatatu ile hadi Alhamisi. Ni nne tu. Wote walikuwa wameutupa kwa sababu ya harufu, mmoja akidhani ni pua yake. Hakuna mwingine aliyeugua, nashukuru Mungu. Maulidi yalisomwa kwa mihogo. Hakuna aliyenisifu kwa kulitabiri hilo.

Kamati imekaa asubuhi. Meneja ni Rai. Baiskeli ni ya Rai. Alipoijaribu hakupiga kengele hata mara moja! Mimi nimebakizwa kwenye mizani kwa sababu Bi Mwanatumu aliniombea. Barua za debe atasoma yeye kila Alhamisi. Ya kwanza aliisoma leo: karani akiulizwa jambo asilolijua, aseme halijui. Kamati nzima ikapiga makofi. Nami nikapiga, kwa nguvu kuliko wote, wasije wakadhani imenihusu.

Nimeapa mbele ya Mzee Chirau kwamba sitadai tena kujua nisilolijua. Na kila alasiri nitakwenda Munje kwa shangazi kusoma, nikianzia alifu.

Jumanne, 16 Novemba

Nimetulia. Ni mtu mpya. Jana mteja aliniuliza kama mvua itanyesha, nikajibu kwa unyenyekevu kwamba sijui. Nikajisikia vizuri mchana kutwa.

Leo lori limeleta kasha kubwa kutoka Mombasa. Juu yake limebandikwa karatasi ya maandishi ya Kigujarati. Rai akaitazama, akauliza dukani nani anaweza kuisoma. Kimya. Nami nikanyamaza! Naapa, nilinyamaza muda mrefu kabisa, kama wa kupima ratili mbili za mchele. Bi Mwanatumu alikuwapo, akanitikisia kichwa kwa upole, kunipongeza.

Kisha Rai akasema, kama anayejisemea, kwamba mtu ajuaye lugha hii angefaa kutumwa Mombasa kila mwezi kuchagua bidhaa. Kwa baiskeli hadi kivukoni.

Nikasikia sauti ikisema kwamba zamani ilipanga nyumba kule Likoni, jirani na Mhindi, na Kigujarati kwake ni kama maji. Nikageuka nimwone ni nani. Ilikuwa yangu.

Si jambo kubwa. Maneno matatu tu, na moja limepigiwa mstari mwekundu. Nimewasomea: fungueni kwa nyundo. Rai amekwenda ghalani kuileta. Mimi nimeegemea kasha, naandika haya. Nikilisukuma kidogo, ndani kunalia kitu, kling kling.

Nadhani ni vijiko.