Mbuzi Mwenye Kofia ya Haji

Jamani, leo sina uso. Nawaandikia nikiwa nimejifungia chumbani, hapa kwetu Kasulu, maana sebuleni mama bado anacheka.

Ni kazi yangu ya kwanza tangu nimalize chuo: tovuti ya duka la Haji, muuza vyombo na vitenge hapa mjini. Akiipenda, ananipa na ya duka lake la Kibondo. (Mama nilishamwambia nimeipata. Mdomo huu.)

Nimemtengenezea plagini, yaani programu ndogo ya kutafuta bidhaa. Ukiandika "sufuria", inaita kipande cha tovuti chenye jina hilo, kinatokea. Rafiki yangu Ester alinionya: "Weka orodha ya vipande vinavyoruhusiwa. Usiache mtu aite chochote kilichomo humo ndani."

Nikamjibu, "Ester, mteja wa Kasulu ataita nini zaidi ya sufuria?"

Sasa humo ndani nilikuwa nimesahau kipande changu cha majaribio. Mbuzi anacheza, kavaa kofia iliyodariziwa kama ya Haji. Nilimchora siku nimechoka kumsubiri Haji alete picha za bidhaa, nikakiita kipande "haji". (Nilijiona mchekeshaji.)

Leo asubuhi nafika dukani, Haji kataka tuunganishe kompyuta na televisheni yake kubwa ya kuonyeshea mpira. Benchi limejaa wateja. "Mwakeye, mwakeye", kila mtu na mkono wake, za watoto, za shamba. Salamu za kwetu hazikatizwi. Zilipoisha nikasema, "Haya Haji, andika sufuria."

"Hapana, binti yangu. Unafikaje kwa mtu ukaanza kuomba sufuria? Kwanza nijitambulishe."

Akaandika kwa kidole kimoja: h, a, j, i.

Nikaruka kuchomoa waya wa televisheni. Nikachomoa wa feni.

Mbuzi akajaa kwenye skrini, anakata kiuno. Sauti sikuizima. Meeee! Bibi mmoja kutoka Buhigwe, aliyefuata sahani, akasema taratibu, "Haji, kofia ni yenyewe kabisa."

Haji akavua kofia, akaiangalia. Akamwangalia mbuzi. Nikajua Kibondo ndiyo basi tena, nikatamani kulia. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, akacheka mpaka akakalia ndoo za kuuza.

"Mtoe huyo mnyama," akasema akijifuta machozi. "Halafu uje tuongee ya Kibondo."

Orodha nimeshaiweka, Ester. Jina lisiloruhusiwa haliitwi tena kwenye tovuti. Ila nimepita sokoni kurudi nyumbani, naitwa Mama Mbuzi kila meza, na hilo sikuliruhusu popote.