Hazbandi Asiye na Nyumba

Siku ya tano tangu Brenda amfukuze mumewe, Wilf alikuja na gazeti kwenye benchi letu la bustani ya mboga, hapa Yorkshire, Uingereza, akaanza kutuchokonoa. Gazeti lilikuwa limechimbua neno la kale la Kiingereza, "hazbandi". Wilf tunamwita Kamusi, maana mdomo wake haujui likizo. Akatusomea kwamba neno hilo lililetwa na watu wa Skandinavia miaka elfu iliyopita, na maana yake ilikuwa mwenye nyumba. Mke hayumo kabisa. Ukiwa na nyumba yako, tayari wewe ni hazbandi, hata kama unaishi na mbuzi.

Tukamgeukia Keith, mume wa Brenda, yaani Vitunguu, aliyekaa mlangoni mwa kibanda chake cha majembe, ndevu zimemtoka, anachemsha chai. Analala humo tangu alipoanika vitunguu vyake kwenye kitanda cha wageni, chini ya shuka, na mama mkwe akajitupa hapo kupumzika. Nyumba yenyewe ni ya Brenda, kairithi kwa baba yake.

"Kwa hiyo hazbandi ni Brenda," nikasema.

"Tangu siku ya harusi," Kamusi akajibu. "Huyu alikuwa mpangaji."

Vitunguu akamwambia asome mpaka mwisho, asiishie panapomfaa. Kumbe baadaye neno lilihama, likawa la mkulima, mtu anayetunza shamba lake. Vitunguu akajipiga paja. Nyumba hana, lakini shamba si hili hapa?

"Shamba la nani?" nikamuuliza. "Kabichi zote zimeliwa na konokono. Hazbandi ni konokono."

"Na nyumba wanayo, tena wanatembea nayo," Kamusi akadakia.

Tukacheka hadi chai ikamwagika. Ikabaki maana ya leo, mume wa mtu. Vitunguu akatazama kikombe chake.

"Mimi hiyo ya mwisho ndiyo ninayoitaka," akasema taratibu.

Nikajuta kumtania. Hata Kamusi akalikunja gazeti.

Lango likalia, Brenda akaingia na mabuti yake. Kamusi, mtu asiye na breki, akampa gazeti. Brenda akasoma akiwa amesimama, kisha akafungua ukurasa ambao sisi hatukuugusa.

"Na la kwetu wanawake limo," akasema. "Waifu. Zamani maana yake ilikuwa mwanamke, basi. Halina nyumba, halina shamba, halina mume ndani yake. La kwako, Keith, bila nyumba halisimami."

"Nimeona, mpenzi. Siku tano nimeona."

"Beba mto wako twende. Vitunguu vinabaki."

Keith aliondoka hata soksi moja hajavaa. Kamusi akachana taratibu ule ukurasa wa waifu, akaukunja, akautia mfukoni. Akaniambia mkewe hulisoma gazeti hilo kila jioni.