Leo Sinunui, Mama

Jumatatu, 3 Novemba

Msimu wa kalenda umefika. Kiwanda chetu cha uchapaji kinanuka wino mpaka chooni. Kazi yangu ni kusoma kila kitu kabla hakijachapwa na kukamata makosa. Leo asubuhi nzima nimesoma mstari mmoja. Haukuwa mrefu. Kila nikifika katikati, akili inatoka nje kidogo, na ikirudi haikumbuki ilipoishia. Mwisho herufi zikaanza kutambaa kama siafu, zikafanya ukungu.

Ubaya ni wakati wenyewe. Mkuu wetu wa usahihishaji anastaafu. Kiti chake tunakigombea wawili: mimi, na jirani yangu wa meza ninayemwita Profesa kwa sababu hata ndizi hula kwa uma. Mkurugenzi, mama asiyecheka ovyo, amesema anaangalia nani ana pumzi.

Pumzi ninayo. Nimekwenda kumwomba anipe na kalenda za Profesa, eti mwenzangu apumzike. Profesa amenishukuru sana. Masikini, hajui anachimbiwa.

Jumanne, 4 Novemba

Nimenunua miwani kwa mchuuzi wa barabarani. Niliijaribu kwa kusoma bango la duka la ng'ambo. Nikasoma vizuri kabisa. Nilipofika ofisini ndipo nikakumbuka kwamba lile bango nalijua kwa moyo. Kwa miwani hii kila kitu kimekuwa kikubwa. Ukungu nao umekuwa mkubwa.

Nikapita chumba cha mitambo, nikamwona fundi mkuu kasimama mlangoni. Mtu mzima yule, nikampa shikamoo. Kimya. Nikamuuliza kama nimemkosea. Kimya. Nilipomgusa bega, likaingia ndani. Lilikuwa koti lake, limetundikwa kwenye msumari. Fundi mwenyewe alikuwa nyuma yangu na kikombe cha chai. Akaitika marahaba kwa niaba ya koti.

Nilimwambia ni utani. Akasema ndiyo, ameona.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimepata dawa ya kuduwaa mbele za watu. Kidevu juu ya kiganja, macho kwenye paji la uso la mkurugenzi, na mara mojamoja unatamka, "Hapo ndipo penyewe." Leo kikaoni imefanya kazi vizuri. Imefanya kazi hata kupita kiasi.

Nilizinduka nikakuta ukumbi mzima umenyamaza na watu wote wananitazama. Sikujua nimeulizwa nini. Nikakohoa, nikasema kwa sauti nzito kwamba hapo ndipo penyewe. Mkurugenzi akafunga faili. Alisema amefarijika, maana hakutarajia niunge mkono mimi hasa. Profesa akaja kunipa mkono, macho yamemlengalenga machozi.

Nilimnong'oneza katibu, tumepitisha nini. Profesa anakaimu ukuu kuanzia leo. Kwa pendekezo la mkurugenzi, likaungwa mkono na mimi.

Chakula cha mchana nimekula peke yangu.

Ijumaa, 7 Novemba

Mke wangu amenikuta mbele ya kabati, mkono mmoja ndani ya shati, wa pili unaning'inia. Aliniuliza nimesimama pale tangu lini. Akanipeleka kwa daktari wa macho, na yeye akabaki kwenye benchi la nje.

Daktari alinimulika, akanisomesha herufi ukutani, akanimulika tena. Kisha akakaa.

"Macho yako ni mazima," akasema. "Kilichochoka ni kilicho nyuma yake."

Akaniuliza mara ya mwisho lini nilikaa tu bila kufanya kitu. Nikamwambia jana, kikaoni. Hakucheka. Alisema akili ikielemewa hujitafutia mapumziko yenyewe bila kumwomba ruhusa mwenyewe, na macho hufuata. Nilale, nipate hewa, nisishike karatasi kwa siku kadhaa.

Mtu mzima na kazi yake anaambiwa akalale kama kitoto kichanga.

Nje mke wangu akauliza daktari kasemaje. Nikamwambia amesema macho ni mazima. Si uongo. Nimeikata tu sentensi mahali pazuri. Ndiyo kazi yangu.

Jumapili, 9 Novemba

Nimekwenda kiwandani kimyakimya kumaliza kalenda. Nimesaini zote. Wakati wa kurudi, kichwa kama debe tupu, mwanamke mmoja mwenye kikapu alinisimamisha njiani. Alikuwa anatabasamu, anasema jambo. Nikamtazama usoni, nikamwambia, "Leo sinunui, mama," nikapita.

Nilipofika nyumbani nikavua viatu. Mlango ukabishwa. Akaingia mama mkwe na kikapu chake. Alikuwa amesikia nimekwenda hospitali, akaniletea matunda.

Mke wangu alinitazama mimi, akamtazama mama yake, akaingia jikoni. Vyombo vilisemeshwa huko.

Nilianza kujitetea. Jua, vumbi, miwani. Mama mkwe aliniacha nimalize. Kisha akasema polepole, "Mwanangu, mimi watu wenye dharau nimewaona. Wewe hukunidharau. Wewe hukuwepo."

Nilitaka kujibu neno la busara. Nikakaa kwenye kiti na sikumbuki kilichofuata. Nilipoamka nimefunikwa shuka, na wao wawili wanaongea chini chini ili wasinisumbue.

Jumatatu, 10 Novemba

Profesa ameniita stoo, akafunga mlango. Nikajua leo naadhiriwa.

Alinionyesha kalenda ya shirika la maji. Mwezi Machi una Jumatano mbili zinazofuatana, Alhamisi haipo kabisa. Chini kuna saini yangu. Alikuja alfajiri kuzipitia zote upya, akauzuia mtambo kabla haujaanza kazi.

"Mkurugenzi ataambiwa mtambo ulikwama," alisema. "Fundi amekubali. Wewe nenda nyumbani, ndugu yangu. Mimi mwaka juzi nilikuwa kama wewe, nikaficha mpaka nikaanguka ngazini. Nitakuombea likizo."

Niliitazama ile saini. Ilikuwa yangu kweli. Kwa kitambo nikaona haya, haya ya kweli, ya kutaka kumshika mkono. Nikamshika.

Njiani ndipo akili ikanirudia. Mtu hamwondoi mwenzake ofisini kwa huruma. Anataka kiti kizoee umbo lake mimi nikiwa nimelala. Mjanja sana yule. Nisingekuwa macho, ningekuwa bado namshukuru.

Jumatano, 12 Novemba

Likizo. Jana nimelala mchana kutwa. Leo nimekaa barazani, sina la kufanya. Ule mti wa mbele ya nyumba una majani, moja moja, kila moja na ncha yake. Sijui nimeacha kuyaona tangu lini. Mke wangu alileta chai akaketi kando yangu, na chai ilikwisha nikiwa bado nipo palepale. Siku njema.

Alasiri amekuja shemeji, mdogo wake mke wangu, kumjulia hali mgonjwa. Ameingia na tasnifu yake ya chuo kuhusu mifereji ya maji taka, nene kama tofali. Alisema ningekuwa kazini asingethubutu kuniomba niisahihishe, lakini kwa kuwa napumzika.

Nikaona mwanga. Jina langu litakuwa kwenye ukurasa wa shukrani. Mkurugenzi atalisoma. Profesa naye atalisoma, uma wake mkononi.

Nimemuaga mke wangu kwamba nakwenda kujinyoosha. Nimefunga mlango, nimetandaza karatasi kitandani. Nimefika penye mabomba. Nimeparudia. Nimeparudia tena. Herufi zimeanza kuwa na ukungu kidogo, lakini safari hii sababu naijua: chumba hiki kina giza.

Kesho nitamtuma shemeji aniletee balbu kubwa zaidi.